Mlio Mmoja, Usipokee

Foshan, 12 Julai 2004

Baba,

Nakuamkia kwa heshima zote. Umekula? Kifua kinaendeleaje, na kile kikohozi cha asubuhi? Mimi sijambo. Joto la tanuri ni lile lile, vigae ni vile vile, mgongo ndio unaozeeka.

Ndani ya kifurushi hiki, katikati ya soksi, mna simu. Usishtuke. Si mpya, ilikuwa ya mwenzangu wa zamu. Nimeinunua kwa sababu moja na unaijua. Mama alipofariki, barua yako ilinifikia siku ya tisa. Siku nane nzima nilikuwa napanga vigae na kutaniana na wenzangu kantini, na yeye yuko chini ya udongo. Sitaki kufiwa kwa barua tena.

Sasa sikiliza. Kile kitufe kidogo cha juu kabisa, kibonyeze bila kuachia mpaka uhesabu tatu. Itawaka. Cha kijani ni cha kupiga na kupokea. Chekundu ni cha kukata. Namba yangu nimekwisha kuiweka ndani: bonyeza 2, shikilia, usiinue kidole, itanitafuta yenyewe. Waya huu ni wa kuichaji. Pembeni mwa kioo utaona vijiti vidogo, hivyo ndivyo mtandao. Visipoonekana, simu ni kipande cha plastiki tu. Zunguka nayo mpaka vitokee.

Mwanao,
Guangyou

Yanjiao, 2 Agosti 2004

Mwanangu Guangyou,

Nimekula, wewe je? Mahindi yamesimama vizuri, nguruwe ananenepa, kifua kipo na kelele zake. Darasa la tatu nililosoma ndilo hili unaloliona, usinicheke mwandiko.

Simu imefika. Mou Tofu aliacha kusaga soya zake akavuka uzio kuja kuitazama. Akasema, "Hii ndiyo ya kuongea na Foshan? Mbona ndogo kuliko kipande changu cha tofu?" Nikamjibu, "Ndogo, lakini haichachi siku ya pili kama tofu yako." Akanuna mpaka nilipomwashia tumbaku.

Usiwe na wasiwasi, nimeitunza. Iko ndani ya jeneza langu, lile la akiba ya siku yangu. Unajua nilivyoliunga lile jeneza kwa mikono yangu. Tangu nilipolipaka vanishi mwaka juzi, hapaingii panya wala unyevu. Nimeifunga kitambaa chekundu nikailaza juu ya mbegu za mahindi. Nimeizima pia ili isichoke. Ukitaka kunipigia, niandikie barua wiki mbili kabla, nitaiwasha.

Baba yako

Foshan, 17 Agosti 2004

Baba,

Shikamoo, na Mou naye msalimie. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma kwa sauti chumbani, mmoja akamwaga supu kwa kucheka. Baba, itoe humo! Simu haitunzwi kama hati ya shamba. Ndani ya jeneza haisikii wala haisikiki.

Tufanye hivi. Saa kumi na mbili jioni ndiyo mapumziko yetu ya chakula. Hapo nakuwa na bakuli mkononi na simu mapajani. Nibipu. Mlio mmoja ukakata, maana yake uko salama, nami sipokei, hakuna anayetozwa. Milio miwili, maana yake una neno, nitakupigia mimi. Ikilia bila kukatwa, maana yake nije nyumbani. Hata niwe mbele ya mdomo wa tanuri, naacha nakuja.

Kila siku, Baba. Siku isiyolia, sitameza.

Mwanao,
Guangyou

Yanjiao, 6 Septemba 2004

Mwanangu,

Umekula? Mimi nimekula viazi vitamu na pilipili. Kifua kile kile.

Bila shaka milio unaipata. Sasa nikueleze inatoka wapi. Nimezunguka na simu hii kama mtu aliyepotelewa na kuku. Jikoni hamna vijiti. Kisimani hamna. Zizini kimoja, nacho kikaja kikaondoka. Vimetokea vyote vinne mahali pamoja tu, kilimani, kwenye kaburi la mama yako. Si ajabu. Maisha yake yote habari zote za kijiji zilipita kwake.

Basi kila jioni napanda, namwamkia, nakubipu wewe, nashuka. Kidole changu ni cha seremala, kinene. Nikitafuta chekundu kinakamata na jirani yake, ndiyo maana mlio wangu unatoka mmoja na nusu. Usije ukauhesabu miwili.

Kuna jambo jingine. Siku moja ya mvua niliirudisha jenezani, usinigombeze, ndiko kukavu. Mou akaja kuazima patasi. Mimi nilikuwa bandani. Mara jeneza likaanza kuimba. Mou alikimbia mpaka kisimani na kiatu kimoja, anapiga kelele kwa jina langu, "Ran! Ran! Umekufa na hujaniambia!" Kijiji kizima kilitoka. Sijui nilibonyeza wapi, lakini kila saa nne asubuhi inaimba. Niandikie namna ya kuinyamazisha. Mou hataki kuingia nyumbani kwangu.

Baba yako

Foshan, 3 Oktoba 2004

Baba,

Nakuamkia. Natumaini keki za sikukuu ya mwezi mpevu zilifika hazijavunjika.

Hiyo ni kengele ya kuamsha. Ikilia, bonyeza kitufe chochote. Kuiondoa kabisa, tafuta penye picha ya saa, bonyeza mpaka uone picha imefutika.

Siku ya sikukuu ulinipa milio miwili, nikakupigia. Nimeyarudia maneno yetu kila siku tangu hapo. Wewe: "Umekula?" Mimi: "Nimekula. Wewe?" Wewe: "Nimekula." Kisha upepo. Kisha, "Mama yako naye yupo hapa, mwamkie." Nikamwamkia. Kisha kikohozi. Kisha, "Haya kata, ni ghali." Miaka miwili sijaisikia sauti yako, na hayo ndiyo tuliyopata kusema! Nilikaa na bakuli mpaka wali ukapoa.

Lakini kikohozi kile si kile ninachokijua. Nenda hospitali ya wilaya, nakuomba. Na kama ni jambo kubwa, unajua cha kufanya: shikilia 2, usikate. Msimamizi akinifukuza, anifukuze.

Mwanao,
Guangyou

Yanjiao, 19 Oktoba 2004

Mwanangu,

Umekula? Nimekwenda hospitali kama ulivyotaka. Daktari kijana, kucha safi. Ameniambia ni tumbaku, amenipa vidonge. Basi, usiulize tena.

Neno la kufukuzwa sikulipenda. Mama yako alipokufa uliacha kazi ukaja kulilia kaburi lililokwisha kuota majani. Uliporudi, nafasi yako ya tanurini ilikuwa ya mtu mwingine, ukabebeshwa magunia ya udongo miaka miwili ndipo wakakurudisha. Mgongo unaoulalamikia ulikatika hapo, mimi si mjinga.

Tanuri linazimwa lini kwa likizo ya mwaka mpya wetu? Niandikie tarehe kamili.

Mou siku hizi ananisindikiza kilimani. Naye anataka kujua simu, mzee yule. Namfundisha. Kichwa chake kigumu, lakini kidole chake chepesi, ni kwa ajili ya kukata tofu.

Baba yako

Foshan, 5 Desemba 2004

Baba,

Shikamoo. Huko baridi imeanza? Vaa ile fulana ya sufu, usiiweke akiba.

Nimekuandikia mara mbili sijapata jibu. Nisingekuwa na simu ningekwisha kupanda treni. Lakini kila jioni saa kumi na mbili inalia, mapaja yanatetemeka, naendelea kula. Najua ni kalamu tu imekushinda.

Na umekuwa fundi! Zamani mlio wako ulikuwa mmoja na nusu, kama mtu anayejikwaa kizingitini. Sasa ni mmoja safi, umekatika kama kwa msumeno. Niliwaambia wenzangu, "Mzee wangu amefaulu mtihani." Wakanipigia makofi.

Tanuri linazimwa tarehe 28 Januari. Nimekununulia koti lenye manyoya shingoni.

Mwanao,
Guangyou

Foshan, 14 Januari 2005

Baba,

Nakuamkia. Tumesikia huko mvua inaganda juu ya miti. Ukipanda kilimani, funga kamba ya majani viatuni. Au usipande. Lakini unapanda, simu inalia. Sijui nikushukuru au nikugombeze.

Jana nimevunja sharti letu, unisamehe. Ilipolia tu nilibonyeza cha kijani, maana nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka anataka sauti. Nikasema, "Baba?" Nikasikia upepo, na mtu anahema. Nikasema, "Baba, umekula?" Ukakata. Ulikosea kitufe, au ulinikasirikia kwa kukutoza? Baada ya hapo nilipanga safu nzima ya vigae kichwa chini, msimamizi akanitukana mpaka bibi yangu.

Tiketi ninayo. Zimebaki siku kumi na nne. Tukionana tutaongea bure.

Mwanao,
Guangyou

Yanjiao, 30 Oktoba 2004
Kwa mkono wa Mou, apewe Guangyou atakapofika, si kabla

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Umekula? Mwambie Mou akupe chakula kwanza, ndipo usome.

Daktari yule mwenye kucha safi alisema neno jingine ambalo sikukuandikia. Kuna kitu kimeota pafuni. Alisema sitaona mwaka mpya. Nilimuuliza kama ana uhakika, akatazama dirishani. Kwa hiyo ukisoma hii, mimi nimekwisha kulala kilimani siku nyingi, upande wa kushoto wa mama yako, penye vijiti vinne.

Usimpige Mou. Nilimwapisha mbele ya kaburi la mama yako. Kila jioni apande, abonyeze 2, mlio mmoja, akate, mpaka tanuri lizimwe. Alikataa siku tatu. Aliniambia, "Ran, hilo ni jambo la kumfanyia adui." Siku ya nne alikuja na tofu, akasema, "Nionyeshe tena kitufe."

Ulisema ukisikia mlio mrefu unaacha kila kitu. Nilijua ni kweli, nawe ungerudi kwenye magunia, na mgongo ule hauna miaka mingine miwili. Ndiyo maana sikuupiga. Si kwamba sikutaka. Nimesimama kilimani nimeshikilia 2 na kidole hakitaki kuhamia chekundu. Wewe uliusikia mmoja na nusu ukaamini ni unene wa kidole. Hiyo nusu ndiyo niliyokuwa nakuitia.

Jeneza nimelifuta vumbi, mbegu za mahindi nimemwachia Mou. Simu msiizike, bado ina kazi.

Baba yako

Yanjiao, 11 Februari 2005, siku ya tatu ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi

Baba,

Nakuamkia kwa kupiga magoti, theluji imelowesha suruali. Mimi nimekula. Mou alinilazimisha.

Nina hasira na wewe, nakwambia wazi. Nilikuomba kitu kimoja, nisifiwe kwa barua. Umenipa barua. Ulifariki tarehe kumi na moja Novemba. Nilipokuandikia kwamba umefaulu mtihani, ulikuwa na siku ishirini na nne ardhini. Waliponipigia makofi wenzangu, walikuwa wanapigia nini?

Nilimkuta Mou amesimama penye kisima, simu yetu mkononi ndani ya kitambaa chekundu. Nilimtazama usoni nikajua kabla hajafungua mdomo. Nikamrukia, nikamshika kola. Nikapiga kelele, "Amekufa na hujaniambia!" Hapo nikamwachia, maana nilisikia maneno yale yametoka kwa nani kwanza. Naye alilia kama mtoto. Akasema, "Mwanangu, tulimpandisha mchana kumzika, jioni ile ile nikarudi juu peke yangu kukupigia. Siku uliyopokea ukasema 'Baba', nilikuwa nimekaa kwenye barafu. Vidole havikutaka kukata, nikavilazimisha." Viatu vyake vina makovu ya kamba. Siku sabini na nane, Baba, na magoti yale.

Nimemwomba radhi. Koti lako lenye manyoya nimemvika yeye. Limemkaa.

Narudi Foshan wiki ijayo, nafasi yangu ipo, kama ulivyotaka. Mou ameniuliza jana, anatazama chini, "Sasa jioni nifanye nini?" Hana mtoto wala mke. Nimemwambia apige. Mlio mmoja, wa kwake mwenyewe.

Wewe nimekununulia simu ya karatasi, ile ya kuwachomea marehemu iwafikie, dukani kwa muuza ubani. Ina kioo, ina waya wake, hata betri ya akiba wameichora. Naichoma sasa pamoja na barua hii, juu ya kaburi, na upepo unaelekea kwenu. Ikifika, usiifiche mahali. Kitufe kidogo cha juu, kibonyeze mpaka uhesabu tatu. Itawaka. Kengele mama atakusaidia kuizima, yeye ni mwepesi. Vijiti vitakuwa vinne, mahali penyewe ni pale pale. Huko hakuna anayetozwa.

Namba yangu ni ile ile. Bonyeza 2, shikilia, na safari hii, Baba, usikate. Acha ilie mpaka nipokee.

Mwanao,
Guangyou