Kloridi ya Mtoto Ilyas

Njia ya Teniur,
Sfax.
14 Desemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Hedi,

Pokea salamu za huku nyumbani. U hali gani na baridi ya Marseille? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Zeituni tumeshavuna, na mafuta ya mwaka huu ni mazito. Akipatikana msafiri nitakuletea dumu.

Umesikia nusunusu kwamba mjukuu wangu Ilyas alilazwa, ukauliza hiyo kloridi ni kitu gani. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu shemeji yako Zohra hunipokonya maneno.

Mtoto alizaliwa na afya njema. Kabla hajafikisha miezi miwili akaanza kutapika. Si kucheua, Hedi. Alirusha maziwa mpaka ukutani, kisha akalilia titi tena. Zohra akaamua kuwa kosa ni la mkamwana wetu, Rim.

"Maziwa yako mepesi kama maji ya kuoshea vyombo," alimwambia mbele ya wageni. "Kunywa uwatu yapate uzito, au tumnunulie ya kopo."

"Mama, ananyonya vizuri. Hayakai tu tumboni."

"Mtoto hatemi maziwa mazuri!"

Rim akanywa uwatu mpaka jasho lake likanukia uwatu. Ilyas akazidi kukonda, uso ukawa wa kizee, nepi zikawa zinakaa kavu. Mwanangu Anis, mume wake, alibanwa katikati ya mama na mke. Mwishowe Rim akambeba mtoto mwenyewe, akaenda hospitali. Nikamfuata.

Daktari Najwa, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, akaagiza mtoto atolewe damu. Majibu yaliporudi akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Kloridi. Kwa kawaida huwa kama mia hivi. Yake themanini na mbili."

"Ndiyo nini hiyo, daktari?" nikauliza.

"Mzee, chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi. Kloridi imo kwenye damu, na tumbo huitumia kutengeneza ile asidi yake. Mtoto akitapika kila mara, anaimwaga. Kipimo hiki peke yake hakitaji ugonjwa, lakini kimenionyesha pa kutazama."

Picha ya tumbo ikathibitisha: msuli wa mlango wa kutokea tumboni ulikuwa umenenepa, ukaziba njia.

Rim aliuliza swali moja tu. "Ni maziwa yangu?"

"Maziwa yako hayana kosa. Yanaingia vizuri, ila hayana pa kupitia."

Nilidhani atalia. Alifumba macho, basi.

Anis alipofika akapandisha sauti. "Kama njia imeziba, si mumpasue leo hii! Mnangoja nini?"

"Nangoja kloridi ipande," alijibu daktari. "Damu ikiwa hivi, akitiwa nusukaputi anaweza kusahau kupumua. Kwanza maji ya chumvi mshipani, kisu baadaye."

Tukangoja. Zohra alikuja, akakaa upande wa pili wa kitanda. Yeye na Rim hawakutazamana. Damu ikapimwa tena na tena, mpaka ikakaribia mia. Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi. Jioni Ilyas akanyonya kidogo, na maziwa yakakaa.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Kutoka hospitali Rim alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, Mahdia. "Baba, sina kinyongo na wewe," aliniambia. "Lakini nitanyonyeshaje kwenye nyumba ninamopimiwa kila tone?"

Zohra alishinda siku kadhaa akisugua vyombo vilivyo safi. Asubuhi moja akajitanda, akapanda gari la Mahdia peke yake. Magharibi akarudi na Ilyas begani, Rim nyuma yake. Waliambiana nini sijui, wala sikuuliza. Ila juzi jirani aliuliza mtoto huyu nani aliyemponya, nami nikamsikia Zohra akijibu: "Mama yake alijua kabla yetu sote, tukamnyamazisha."

Msalimie mkeo Munira, na watoto, Slim na Dora. Rim na Anis wanakusalimu. Mungu akulinde ugenini na atukutanishe tukiwa hai.

Kaka yako anayekukumbuka,
Munji