Yowe la Wimbo wa Kwanza

Mugumu,
5 Juni 1994

Kaka Mogesi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mafua ya baridi ya asubuhi hayataki kuniacha. Kifua chako kinaendeleaje na lile vumbi la mawe? Na Mama, mguu umepoa?

Winfrida alirudi shuleni kutoka huko Kemambo, na sasa habari zenu zimejaa bweni zima. Anasema wewe, Heche na yule Otiende wa Migori mnashuka kwenye duara la dhahabu lililoachwa, mmejipaka majivu usoni, mnapiga magitaa na kunguruma kama fisi. Wasichana walicheka. Na mimi nilicheka nao, lakini tangu hapo moyo hautulii. Kaka, wachimbaji walilikimbia shimo lile kwa sababu magogo yanayozuia kuta yameoza. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza. Kuna nini huko chini ambacho hakipatikani juani?

Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Wegesa


Kemambo,
14 Juni 1994

Mdogo wangu Wegesa,

Marahaba. Kifua kinakohoa lakini kinaimba. Mama anatembea na anafoka, kwa hiyo yu mzima.

Winfrida amekupa nusu ya habari. Hatujaacha kuchimba. Asubuhi tunachimba, jioni tunapiga. Muziki huu unaitwa metali. Otiende aliusikia Nairobi akarudi na gitaa la umeme. Heche anapiga mapipa ya dizeli. Kazi yangu ni sauti, nayo hutoka tumboni, siyo kooni. Chini kule kuta zinairudisha ikiwa kubwa kuliko mimi. Umeme tunavuta kwenye jenereta ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mwenyewe akienda kula.

Tunarekodi kaseti nzima, Wegesa. Albamu yetu ya kwanza. Otiende anasema, "Mura, kijana wangu, hii ikifika Nairobi, hutawahi shika sururu tena." Wenzangu hapa wanaota dhahabu. Mimi naota kuondoka.

Usiogope. Soma.

Kaka yako,
Mogesi


Mugumu,
3 Julai 1994

Kaka Mogesi,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima wa mwili tu. Wewe sijui nikuulizeje hali.

Baba mdogo Kisyeri alikuja hospitali hapa kumwona mgonjwa, akapita shuleni. Ameniambia kwamba lilisikika yowe kutoka kwenye lile duara. Wanaume waliacha ng'ombe malishoni, wanawake wakaacha majembe, watu wakaja mbio na mikuki na pinde kama ilivyo kwetu, kwa kuwa anayesikia yowe akakaa si mtu. Wakawakuta ninyi watatu mmekaa mdomoni mwa shimo na redio kaseti.

Baba mdogo aliuliza, "Nani kaibiwa? Nani kafa?"

Nawe ukajibu, "Hakuna. Ni wimbo."

Kaka! Uliwaambia hivyo kweli? Anasema baraza la ritongo lilikaa, wazee wakakupa nafasi ya kuomba radhi kwa kupiga yowe la uongo, ukanyamaza. Sasa umetengwa. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kula nawe. Na ukipiga yowe, hakuna wa kuja. Hata Mama, maana anayemwitikia aliyetengwa hutengwa naye. Na wewe bado unashuka shimoni kila asubuhi! Nikiwa darasani nawaza kuta zinakuangukia, unaita, na watu wanaendelea kupalilia.

Waombe radhi. Ni maneno tu.

Mdogo wako,
Wegesa


Kemambo,
20 Julai 1994

Wegesa,

Marahaba. Mimi mzima. Mama huweka ugali juu ya jiwe nje, anageuka kabla sijafika. Heche amechukuliwa na baba yake, yuko Itiryo. Otiende amevuka mpaka na kaseti moja. Nyingine nakutumia kwa kondakta wa basi. Usimpe mtu.

Yowe liko mwanzo, wimbo wa kwanza. Otiende anasema ndilo bora kuliko yote tuliyorekodi. Sitaomba radhi kwa ajili ya wimbo.

Siku hizi nachimba peke yangu.

Mogesi


Mugumu,
2 Agosti 1994

Kaka Mogesi,

Shikamoo. Kaseti imefika. Matroni Verdiana aliniruhusu kuisikiliza chumbani kwake. Aliziba masikio, akasema, "Huyu ni ndugu yako au ni trekta?"

Lakini mimi sikuziba. Gitaa linaanza, mapipa yanaingia, halafu panasikika kitu kikavu kinavunjika. Mawe yanaporomoka. Otiende anapaza sauti, "Heche, toka! Toka, bwana!" Ndipo linakuja yowe lako. Kisha kimya. Kisha, taratibu sana, wewe unasema, "Mama."

Ule haukuwa wimbo. Gogo lilivunjika, ukaogopa, ukaita, na watu wakaja.

Nakumbuka siku uliyotahiriwa. Hukupepesa jicho, na Mama alicheza hadi kitambaa cha kichwa kikadondoka. Sasa naelewa kwa nini umeona heri utengwe kuliko kuwaambia wanaume wale kwamba ulilia. Lakini, kaka, hukudanganya mtu! Niruhusu nimwambie Baba mdogo.

Nangoja ruhusa yako.

Wegesa


Mugumu,
28 Agosti 1994

Kaka Mogesi,

Shikamoo. Hukujibu. Kila basi la Tarime likiingia nadhani limeleta habari ya msiba.

Baba mdogo amekuja tena na nimemsikilizisha. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Akasema, "Huyu aliita," akaichukua kaseti, akaondoka bila kunywa chai. Anaipeleka kwenye ritongo.

Ukitaka usiniite tena mdogo wako, sawa. Mimi nataka ukiita, watu waje.

Wegesa


Kemambo,
11 Septemba 1994

Wegesa,

Nina hasira nawe bado, kwa hiyo salamu nazifupisha: mimi mzima, najua nawe u mzima.

Waliweka redio kaseti juu ya kigoda, katikati ya watu wote. Gogo likasikika, Otiende akasikika, yowe likasikika. Kisha lile neno. Nyamhanga, tuliyetahiriwa naye siku moja, alicheka hadi akashika mbavu. "Mura! Kumbe mtoto alimlilia mama!" Rika langu lote likaangua kicheko. Nilitazama buti zangu.

Ndipo nyuma, upande wa wanawake, likapigwa yowe. Alikuwa Mama. Wazee walikuwa hawajaniondolea kutengwa, na alijua. Alisimama akaitikia ile kaseti kana kwamba mimi bado niko kule chini. Akarudia. Mama yake Nyamhanga akalipokea, kisha wanawake wote, na wanaume wakajikuta wameinuka wanatafuta mikuki yao. Mikono yao ndiyo ilivyozoea. Kicheko kilikatika.

Baba mdogo alizima redio. "Basi," akasema. "Limeitikiwa." Hakuna mzee aliyepinga.

Nyamhanga ananiita mtoto hadi leo. Tunaweka naye magogo mapya shimoni kwangu, ananicheka tangu asubuhi.

Jana nilimwambia Mama kwa mdomo wangu kwamba niliogopa. Alileta ugali, akanawa mikono, akakaa, tukala.

Kaka yako,
Mogesi