Kwa Nafula, Kuhusu Ule Mtihani Usio wa Lazima

Mpendwa binti yangu Nafula,

Kwanza, umekula? Najua barua haianzi hivyo, lakini siwezi kuendelea kabla sijauliza. Mwalimu wako wa hesabu amesema nikimtumia maneno haya kwa simu atakupatia uyasome. Nimeyaweka pia kwa grupu ya wamama wa ploti, majirani zetu. Usinune. Hao wote wamekubeba mgongoni, na kila siku wananiuliza, "Msichana wetu anaendeleaje huko bweni?"

Juzi uliponipigia kwa simu ya mwalimu nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Ukaniambia kuna mtihani wa hesabu wa shule nyingi, wa wanaotaka tu, na mwalimu anataka jina lako kufikia Ijumaa. "Lakini si lazima, mum. Na mimi siwezi. Wale wa shule kubwa wamefunzwa na mwalimu wa nyumbani tangu wakiwa wadogo. Nitaenda kujiaibisha bure." Sikukujibu. Ningefungua mdomo ningelia, na huyo mteja alikuwa na harusi ya kuwahi.

Sasa nakujibu.

Unakumbuka ukiwa darasa la nne, ukikaa kwa stuli karibu nami baada ya shule? Mama mmoja alitaka mistari inayozunguka kichwa ikutane utosini. Nilianza mbele kama kawaida, na kila nikifika utosini mistari inagongana. Ukafinya jicho ukasema, "Mama, anzia utosini, ushuke." Nikafumua, nikaanzia utosini. Ikatoka kama ua. Mteja akageuka, "Huyu umemtoa wapi?" Nikamwambia, "Huyu? Nimejizalia." Mpaka leo watu wanakuja hapa mtaani Kware wakitaka "ile ya Nafula", nami nasuka nikinyoosha shingo kama nimeivumbua mimi.

Halafu drafti. Vijana wa kuosha magari pale chini, ng'ambo ya barabara, walicheza kwa vifuniko vya soda, na wewe ulisimama nyuma yao siku nyingi, mikono mgongoni. Ukirudi unaniambia nani alikosea wapi. Basi kaa ucheze, nikakuambia. "Naangalia tu." Hadi siku ile Baba Shiro, fundi wa viatu, alipokuita, "We askari, unatulindia vifuniko, mshahara utalipwa na nani? Kaa hapa." Ukakaa. Akakula vifuniko vyako vyote. Vijana wakashangilia, "Madam amepigwa! Mpeeni maji!"

Ulipanda ngazi umevimba mdomo, ugali ukaukataa. Nikadhani mambo ya drafti yameisha. Kumbe kesho yake ulitoka shule ukaenda moja kwa moja kwake, hata yunifomu hukuvua. Mimi nilikuwa kwa balkoni, mikono imejaa sabuni. Baba Shiro alicheka mwanzoni, halafu akaacha kucheka, halafu akavua kofia akajikuna. Uliposhinda hukupiga kelele. Ulimwambia tu, "Asante kwa ile ya jana." Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna harusi. Walipoelewa, walifikiri nashangilia ushindi. Mimi nilikuwa nimeanza kujivuna kitambo, tangu nilipokuona unavuka barabara kurudi kwa mtu aliyekushinda.

Na mimi nikuambie yangu. Mimi sijawahi kuanguka mtihani, Nafula. Mtihani wenyewe niliuonea wapi? Nilitolewa shule darasa la tano, kabla ya mtihani wowote mkubwa, nikalee wadogo wangu, na tangu hapo hakuna mtu amewahi kuniwekea karatasi mbele akasema, haya, tuone. Watu wakilalamika jinsi mtihani ulivyokuwa mgumu mimi huwasikiliza tu, kama mtu anayesikia wengine wakilalamikia pilau ya harusi ambayo hakualikwa. Wewe umealikwa. Mwalimu amekuita kwa jina.

Usidhani siogopi. Naogopa hao watoto wa shule kubwa watakuangalia viatu. Naogopa utarudi umenyamaza kama ile siku ya ugali, na mimi niko mbali, siwezi hata kukuwekea chai. Lakini nikipima hofu yangu na huo ubongo wako, hofu ni nyepesi.

Ni kweli si lazima. Sitakupigia magoti, wala sitamwambia mwalimu akulazimishe. Ijumaa ikifika na roho yako haitaki, mwambie wewe mwenyewe, "Mwalimu, sitaki." Likizo utarudi, nitakusuka, na hutasikia neno. Lakini usimwambie, "Siwezi." Huo ni uongo, mama, na yule mwalimu ni mtu mzima. Hatudanganyi watu wazima.

Ubaki na Mungu, na uvae sweta hata kama wenzako hawavai.

Ni mimi ninayetembea hapa Kware kama nimesoma,
Mama yako