Jumamosi za Baba

Lizaboni, Songea

Kaka Padre Aidan,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa tu wazima. Calvin mwanangu amefunga chuo na yuko nyumbani, mahindi ya kule Madaba tumeshavuna, na mguu wangu umeacha kuvimba. Natumaini kifua chako nacho kimepona licha ya baridi ya huko seminarini. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza na kunibariki kabla sijamaliza, na safari hii sitaki kubarikiwa.

Hotuba uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Unasema watu wa leo hawamkimbii Kristo, wanaikimbia dini. Kwamba dini, hata hii yetu, yaweza kuwa mahali mtu anapojificha asionwe na Mungu, huku rozari iko mkononi. Unasema Injili inatuhukumu sisi kwanza, kabla ya kumgusa Mwislamu au asiyesali kabisa. Maneno mazuri. Wakati unayasoma huko ng'ambo na kupigiwa makofi, Baba yetu alikuwa anazikwa bila hata ishara ya msalaba. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilitaka kuichana.

Jumuiya yetu husali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba, na asiyehudhuria hahesabiwi kuwa Mkristo hai. Sheria hiyo unaijua: siku akifa, hakuna misa wala katekista. Baba alikuwa haji tangu mwaka jana. Jumamosi asubuhi alikuwa kwa mzee Muhsini, yule fundi cherehani jirani yetu, aliyepooza upande mmoja. Siku nyingine mkewe Zuhra hujitahidi mwenyewe, lakini Jumamosi huwahi sokoni na dagaa wake, basi Baba ndiye aliyemwogesha mzee, akamnyoa, akamgeuzia godoro. Nilimsihi aje jumuiyani walau mara moja kwa mwezi. Alinijibu kwamba jumuiya anayo, na mwenzake haogi mara moja kwa mwezi.

Alipofariki, mwenyekiti wetu, mama Kunegunda, alipeleka kwa katekista barua ya jumuiya kwamba Baba hakuwa Mkristo hai, akarudi na jibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Aliyasema hayo amekaa kwenye kiti cha Baba, anakunywa chai yetu. Nilitamani kummwagia.

Kaburi walilichimba vijana wa msikitini kwa mzee Muhsini. Yeye mwenyewe alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka makaburini. Wakristo wenzetu walikuja, wakasimama pembeni, mikono nyuma, wakiogopa Kunegunda asiwaone wanasali. Jeneza liliposhushwa mtu mmoja akamwomba mzee Muhsini aseme neno. Akatutazama tulivyosimama, akasema, "Nikimwombea kwa dini yangu nitakuwa nimemwibia ya kwake. Mwombeeni nyie, si ndugu yenu?"

Ndipo Calvin, ambaye miaka miwili hajakanyaga kanisani na anasema hana haja na dini ya mtu yeyote, akaanza Baba Yetu peke yake. Alifika katikati akakwama. Akanitazama mimi. Sala ile naijua tangu sijajua kusoma, Kaka, na sikumsaidia. Vijana wakaanza kufukia.

Tuliporudi nyumbani Calvin aliniambia nisimuulize tena kwa nini haendi kanisani. Nilimgombeza.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa. Uliporudi nchini ulimpigia katekista, akakusomea barua ya jumuiya, nawe ukanipigia unafoka kwamba aliyeiandika hajawahi kumjua Mungu. Nilikuitikia kwamba ni kweli. Katibu wa jumuiya ni mimi, Kaka. Barua ile niliiandika mimi, mezani kwetu, mwili wa Baba ukiwa chumba cha pili. Kunegunda hakunilazimisha, aliniuliza tu kama nina la kuongeza. Daftari la mahudhurio pia nalishika mimi, na kila Jumamosi, penye sababu ya kutokuja kwake, niliandika "hakuna". Nilijua alipo. Kuna siku nilimbebea ndoo ya maji ya moto mpaka mlangoni kwa Muhsini, kisha nikaenda kumwandika mtoro. Niliona aibu watu wasome kwamba baba wa padre anamwogesha Mwislamu saa ya sala. Tena nilishawaandikia wafiwa wengine barua kama ile, nikaona nikimpendelea wangu nitaitwa mnafiki.

Kunegunda ananiudhi, nawe unaniudhi, lakini nikimaliza kuwakasirikia wote nabaki na mwandiko wangu mwenyewe.

Njoo, Kaka. Kama unayaamini uliyowasomea watu ukumbini, vaa stola yako uje umwombee Baba pale kaburini, mchana, watu wakiona, na ukifika kwenye kosa la barua ile nitaje kwa jina. Kama huwezi, basi usinitumie hotuba nyingine.

Zuhra na mzee Muhsini wanakusalimu sana, na wanauliza kila siku kama utakuja. Wasalimie mapadre wenzako. Barua hii anaipeleka posta Calvin. Nimempa aisome kwanza.

Ni mimi mdogo wako,

Benigna