Gharama ya Jina la Sidney

Bertrams, Johannesburg
Jumatatu, Juni

Kaka yangu Cyrus,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii inayotafuna mifupa. Natumaini wewe, wifi Shiko na watoto hamjambo, na goti la Mama limepata nafuu tangu aanze kukandwa. Sisi huku miili ni mizima. Moyo ndio umenichafuka, na utanivumilia nikiandika kwa ukali, maana unanijua nikikasirika sina breki.

Uliniuliza mbona sifurahii binti yako Cheryl kuja huku kufanya kazi katika saluni ya Sidney, ukasema wivu wa shangazi haufai. Kaka, usimtume mtoto. Nitakueleza sababu, na tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu kunifokea.

Wewe unamjua Sidney kama yule mtaratibu aliyekuja nyumbani Desemba, akala matoke na Mama, akaombea chakula huku akitokwa na machozi. Sisi tunamjua zaidi. Alipokamatwa miaka ile, hakuna aliyeuliza kosa lake. Si unajua tulivyo? Mgeni mwenzetu akitiwa ndani, tunasema ni usumbufu ule ule wa vibali, kikapu kinapitishwa. Tulimchangia wakili jinsi tunavyochangia msiba. Mimi mwenyewe nilikanda unga wa chapati, tukauza mlangoni pa kanisa, na kwaya ikatuimbia. Katika kwaya hiyo alikuwemo Murielle, msichana wa Bukavu. Naye alitia sadaka yake kikapuni kama sisi wengine.

Kumbe ndiye aliyeuzwa. Sidney alimtoa kwao kwa ahadi ya kazi ya kusuka nywele katika saluni yake hapa Malvern, akamnyang'anya pasipoti, akamfungia katika chumba cha nyuma ya saluni na kumkodisha kwa wanaume. Jumapili alimleta kanisani kwa gari lake, tukamsifu kwa ukarimu! Msichana mwingine ndiye aliyetoroka akakimbilia polisi, na baadaye Murielle akapata moyo wa kusema mbele ya hakimu. Sidney akafungwa, na mahakama ikaamuru jina lake liingizwe katika daftari la serikali la wahalifu wa ngono. Daftari lenyewe mimi na wewe haturuhusiwi kulisoma. Ndiyo maana alikuja kula matoke kwetu bila mtu kushtuka.

Alipotoka gerezani alipewa nafasi ya ushuhuda kanisani, kama kawaida yetu. Akasema shetani alimpitia. Shetani! Kwani shetani ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kile chumba? Watu wakapiga makofi, wakamkumbatia. Mimi nilitoka nje kabla ya sala ya mwisho, Kaka, sikufichi.

Sasa jana baada ya ibada tuliambiwa tubaki. Bramwel, yule wa benki, akasimama na suti yake akasema Sidney anataka kuomba mahakama ifute jina lake, na kanisa limuunge mkono. Akaeleza kwamba kumweka mtu daftarini ni mzigo kwa umma: makarani wanalipwa, polisi wanalipwa, sisi walipa kodi ndio tunaokamuliwa, na hata walimu wetu wa Sunday school inabidi wahangaike kutafuta vyeti vya kuonyesha kuwa hawamo. Akauliza gharama zote hizi ni za nini kwa mtu aliyekwisha kutubu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ptu! Gharama ya makarani wameiona. Murielle ameacha kuimba, hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa, na akikaribia Jules Street, ilipo ile saluni, anavuka upande wa pili wa barabara. Hiyo hakuna aliyeitaja, na mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu.

Nikasema kwamba anayeona daftari ni ghali amlaze Sidney nyumbani kwake na binti zake. Ndipo Sidney akainuka kwa upole wake ule unaonikera, akasema anao ushahidi kwamba ameaminika tena. Akaweka simu yake kwenye kipaza sauti.

Ilikuwa sauti yako, Kaka, katika ujumbe uliomtumia. Kanisa zima lilikusikia ukimwambia kwamba Cheryl sasa ni mwanawe, amlee kama wake, na Mungu ambariki kwa moyo wake. Watu wakasema amina. Ndicho cheti alichokuwa akikitafuta, na umempa mtoto wako awe muhuri wake.

Nilisimama nikawaambia hiyo ni sauti ya kaka yangu, na mtoto huyo haji. Wengine wakaniita mchochezi, na waniite. Murielle hakulia. Alinishika mkono akaniambia kwamba siku alipokabidhiwa, baba yake naye alimwombea Sidney baraka, karibu kwa maneno hayo hayo.

Sikukulaani, Kaka. Ulidanganywa kama sisi tulivyodanganywa, lakini sasa umejua. Cheryl nilimpigia jana hiyo hiyo nikamwambia yote bila kupamba, kisha nikaomba kusema na Mama. Mama hakuuliza mengi, unamjua.

Nisalimie wifi Shiko, umwambie shuka alizonishonea zinatusitiri na baridi hii. Wabusu wadogo. Mungu awalinde, nanyi mjilinde pia. Na ukitafuta pasipoti ya Cheryl usiione, usimgombeze mtoto. Mama ameifunga kwenye pindo la leso yake, kamwombe yeye.

Mimi dada yako,
Bosibori