Waya Niliousuka

Tak! Swichi kuu ya nyumba imejikata yenyewe, Jodie. Niko gizani na Tilly, nakuandikia kwa chaji iliyobaki.

Shoga, nimeaibika. Hata kulia silii.

Radi ya jana imeunguza ile mashine ya kuhesabu magari, pale barabara kuu ya kutoka Darwin. Kinga yake ya radi niliifunga mimi. Leo bosi wetu Des kafungua kisanduku cha hiyo kinga mbele ya wenzangu wote, akauvuta waya wa ethi, ule wa kuipeleka radi ardhini. "Nani kausuka huu kama nywele za bi harusi?"

Nikanyoosha mkono.

Jodie, niliuviringa makusudi! Kwenye darasa la ufundi la jioni walitusifia unadhifu, waya ukizidi unauviringa vizuri. Des kasema wa ethi hukatwa mfupi, ukanyooka. "Radi haina muda wa kuzungukazunguka, dada. Ikikuta mizunguko inarukia mashine." Wakacheka. Nywele za bi harusi! Bado nawasikia.

Wala hakufoka. Alinyoosha kiganja tu, nikampa ufunguo wa visanduku.

"Na vile vingine ulivyofunga?"

Vyote nimevisuka hivyohivyo.

"Tutavirekebisha kesho. Kikiungua kingine kabla ya hapo, sitaweza kukutetea ofisini."

Nikasema sawa. Sawa tu! Nimerudi, nimekaanga soseji, nimemlisha mtoto, sihisi kitu. Labda usiku utapita mkavu, bila radi, eti? Mimi bado natumaini.

Tilly yuko dirishani, kabandika pua kwenye kioo. Sasa hivi kaniambia:

"Mama, mvua imeanza."