Mjomba, Hamra Hakupotea

Mpendwa Mjomba,

Mama kasema Idi hii mtakuja huku kwetu Ibra, wewe na mkeo. Nimeona bora nikuandikie kabla, maana ukiwa mbele yangu ulimi unanikauka, unanijua. Shuleni tunasoma Kiarabu na Kiingereza, kwa hiyo utaona makosa. Lakini wewe hujapata kusema nami ila kwa Kiswahili, na haya nataka yakufike kwa Kiswahili.

Unakumbuka siku uliyomleta Hamra? Yule Mjerumani mchimba visima, uliyekuwa dereva wake, alikuwa anarudi kwao akakuachia mbwa wake. Mimi nilidhani nitaona mbwa kama wale wa mabedui, wembamba, miguu mirefu. Akashuka kwenye pikapu huyu mzito, kifua kipana, mwekundu kama tende iliyokaa, uso na masikio yameiva zaidi kuelekea weusi. Masikio yenyewe mapana, yamelala mashavuni. Na kipaji cha uso kimekunjamana.

"Huyu mbona kama kafiwa?" Bibi akauliza.

"Ndivyo walivyo, mama. Hawa wa kufuata nyayo. Mnyama akijeruhiwa leo, huyu anamfuata kwa pua hata kesho."

Bibi akakubali kwa sharti moja, akae shambani na mbuzi, mlango wa nyumba asiujue. Ukanionyesha jinsi ya kuishi naye: kanga kuukuu ya kumshikia, naitundika nje kwenye mtende, akinilamba naosha kwa udongo na maji, nabadili nguo, ndiyo nasali. Sikuona taabu.

Hakuwa mbwa wa kurukia watu. Mgeni akija alijificha nyuma ya miguu yangu, akamtazama tu. Kubweka mara moja moja, sauti nzito ya chini kwa chini. Ulicheka ukasema, "Mmekutana wawili. Hawa huchagua mtu mmoja, na huyu keshakuchagua wewe." Mjomba, darasani hakuna aliyewahi kunichagua, hata kwenye mpira. Hukujua ulichonipa siku ile.

Nilikuwa najificha ili anitafute, nakanyaga ndani ya falaji, mfereji wa shamba, ili maji yafiche harufu yangu, naruka ukuta wa jirani, na yeye anakuja polepole, pua chini, bila haraka, mpaka mapajani mwangu. Ukaniambia, "Miguu inaacha harufu. Gari ndilo linalomshinda. Mtu akishapanda gari, Hamra kamkosa."

Kisha, kabla ya harusi, wakaja wakwe zako kutoka Sur. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita na dalla, birika la kahawa. Hamra akatoa sauti kule kwenye mbuzi, na yule mzee wao akauliza, "Mnafuga mbwa?" Ukajibu haraka, umeweka mkono kifuani, "Wallahi si mimi. Wa Zuwena huyo. Mtoto ana mambo yake." Wakacheka. Nilipoingia kwa wanawake, habari ilikuwa imeshafika. Mamake bibi harusi alikitazama kikombe nilichommiminia, akasema ameshiba. Nilisimama pale na dalla mkononi, nakusikia kwa wanaume nyuma ya pazia, nikakungoja useme neno. Ukaomba halwa.

Baada ya wiki Hamra hayupo. Ukasema kamfuata paa kuelekea wadini, kule kwenye bonde kavu. Nikaamini, kwa sababu ndiyo tabia yake. Nilikuwa naacha lango wazi ili akirudi aingie, Bibi ananigombeza kwa ajili ya mbuzi.

Harusini kwako Sur, shemeji yako mdogo alikaa ubavuni mwangu, hana ubaya, akaniambia, "Kumbe wewe ndiye mwenye yule mbwa? Kaka zangu walicheka sana Mjomba wako alivyowahadithia, kamshusha ufukweni Ashkhara, akakanyaga mafuta."

Baba alinipeleka Ashkhara. Mwanamume mmoja anayeanika papa akatuonyesha mahali ulipomshusha. Alisema mbwa hakula samaki waliyemtupia. Alikuwa akizunguka hapo hapo, ananusa alama za magurudumu, anakwenda mbele kidogo, anarudi. Siku moja hawakumwona tena.

Sikukasirika kwa kuwa ulitaka mke. Ungeniita tu, "Zuwena, hawa hawamtaki mbwa." Ningelia, kisha ningemtafutia mtu, hata Nizwa, kwa wenye kuwinda. Ulinijua mimi kuliko Mama anavyonijua, na ukayatumia uliyoyajua, kwangu na kwake.

Idi nitakuamkia, kwa sababu Mama atakuwa amesimama pale. Nitasema shikamoo, nitakukaribisha, na wewe utaitika marahaba kama kawaida, na watu wataona hakuna kitu. Mambo mengine niliyokuwa nikikwambia wewe peke yako, usiniulize tena. Mkeo namsalimu, yeye sina neno naye.

Safari njema.

Mtoto wa dada yako,
Zuwena